Wageni wa Juni Mjini Gulu



Kila mwaka, vyuo vikuu vya Marekani vinapofunga kwa likizo ndefu ya katikati ya mwaka, mji wa Gulu, kaskazini mwa Uganda, hupokea wageni wa aina moja. Ni vijana wa miaka ishirini hivi, begi mgongoni, daftari mkononi, pamoja na mwalimu wao. Watakaa wiki chache. Wakizidi sana, muhula mmoja. Chuoni kwao safari hiyo inahesabiwa kuwa somo: mwanafunzi anaihudumia jamii huku akijifunza, kisha anaandika ripoti na kupewa alama. Na huduma yenyewe hutajwa kwa maneno mazito. Wanasema wamekuja kuisaidia jamii ipone baada ya vita.

Leo ningependa tuizungumze huduma hiyo. Vijana hao sina ugomvi nao. Kijana anayeacha ufuo wa bahari wa kwao akaja kuuliza habari za watu waliouawa mbali na nyumbani kwake, moyo wake haujafa, na dunia inamhitaji. Lakini ninayo hoja, na nitaisema mapema ili ujue ninakokwenda: mtu aliyeteseka vitani hana deni la kumsimulia mgeni mateso yake. Programu inayomfundisha mwanafunzi kwa kutegemea masimulizi hayo inachota kwa watu waliokwisha kunyang'anywa mengi mno.

Tukumbushane kidogo yaliyotokea. Januari 1986 jeshi la Yoweri Museveni liliingia Kampala. Upande wa kaskazini, katika nchi ya Waacholi, askari wa utawala uliopinduliwa walirudi na silaha zao, na uasi ukaanza. Alice Lakwena aliwaongoza wafuasi wake kuelekea kusini, wakashindwa karibu na Jinja mwaka 1987. Baada yake likabaki kundi la Joseph Kony, ambalo dunia imelijua kwa jina la LRA. Kundi hilo lilipokosa watu wa kujiunga kwa hiari, likateka watoto. Liliteka maelfu kwa maelfu yao, kwa karibu miaka ishirini. Usiku wa kuamkia tarehe 10 Oktoba 1996, katika shule ya wasichana ya St Mary's kule Aboke, walichukuliwa wasichana 139 kwa mpigo. Sista Rachele Fassera, mtawa wa Kiitaliano, aliwafuata waasi porini kwa miguu akawasihi, akarudi na wasichana 109. Thelathini walibaki mikononi mwa waasi.

Serikali nayo, kuanzia 1996, iliwaamuru wananchi watoke vijijini waingie kambini, ati ndiko walikoweza kulindwa. Kufikia 2005 watu wapatao milioni 1.8 walikuwa wameng'olewa makwao, na katika nchi ya Waacholi ni zaidi ya asilimia 90 ya wakazi wote. Mwaka huohuo uchunguzi wa Wizara ya Afya ya Uganda na washirika wake ulionyesha kwamba katika kambi za Gulu, Kitgum na Pader walikuwa wakifa watu kama 1,000 kila wiki kupita kiwango cha kawaida. Wengi waliuawa na malaria na magonjwa mengine. Na askari waliowekwa kuwalinda, baadhi yao walipiga, wakabaka, wakaua. Ninayataja haya kwa sababu mgeni anayefika Gulu akimjua Kony peke yake ameijua nusu ya vita.

Kuna hasara nyingine ambayo hakuna daktari aliyeihesabu. Kabla ya kambi, kila boma la Waacholi lilikuwa na moto wa jioni unaoitwa wang oo. Watoto walikaa wakauzunguka, wazee wakafundisha: nani ni jamaa yetu, mpaka wa shamba unapita wapi, mtu akikosa hufanywa nini. Kambini vibanda vilibanana, nyasi za paa la huyu zikigusa za yule, na jioni kulikuwa na amri ya kutotoka. Moto wa wang oo haukuwashwa tena. Kizazi kizima kilikua bila mahali pale ambapo ugomvi ulisuluhishwa na huzuni ikapata wa kuisikiliza. Kwa hiyo tunapouliza jamii hii ipone vipi, tujue kwamba hata chombo chake cha kujiponya kilivunjwa.

Sasa turudi kwa wageni.

Mwaka 2003 vijana watatu Wamarekani walifika kaskazini mwa Uganda wakiwa na kamera. Waliwakuta watoto ambao kila machweo walitoka vijijini na kambini, wakatembea kilomita nyingi hadi mjini, wakalala varandani, kwenye kituo cha mabasi, uwanjani mwa hospitali ya Lacor, wasije wakatekwa usiku. Vijana wale walishtuka, kama ambavyo mtu yeyote mwenye moyo angeshtuka. Walitengeneza filamu, wakaanzisha shirika liitwalo Invisible Children, wakaizungusha filamu hiyo katika shule na vyuo vya Marekani. Wanafunzi waliguswa, wakachanga pesa, na pesa hizo ziliwalipia watoto wa Kiacholi karo za sekondari. Hilo ni jema, na waliosomeshwa wapo leo.

Halafu ikaja tarehe 5 Machi 2012. Shirika hilo lilitoa filamu ya nusu saa kwenye intaneti, Kony 2012, na kabla ya wiki kwisha ilikuwa imetazamwa zaidi ya mara milioni 100. Wanafunzi duniani kote walivaa bangili na fulana zenye jina la Kony, eti ajulikane na akamatwe. Wakati huo Kony alikuwa ameshatoka Uganda miaka kadhaa, na Gulu ilikuwa inajenga maduka. Wiki moja baadaye, tarehe 13 Machi, shirika la vijana wa Uganda wenyewe, AYINET, likaona si haki dunia nzima itazame filamu kuhusu watu ambao wenyewe hawajaiona. Likasimamisha skrini kubwa mjini Lira. Watu walikuja kwa maelfu, wengine kutoka mbali, wengine waliokatwa viungo na waasi. Walitarajia kujiona. Walichokiona ni baba wa Kimarekani akimweleza mwanawe mdogo habari za mtu mbaya, na jina la aliyewaua ndugu zao likichapwa kwenye mabango kama jina la mgombea uchaguzi. Hasira ikapanda, mawe yakarushwa, filamu ikakatizwa.

Msikilizaji, baada ya tukio la Lira watu wengi waliandika kwamba kosa la filamu ile lilikuwa kurahisisha mambo. Ni kweli, lakini mimi naona kulikuwa na kosa lililotangulia hilo. Mateso ya watu wa Lira na Gulu yalitwaliwa yakawa somo la kuwafunza vijana wa mbali uchungu wa moyo na ari ya kutenda. Wenye mateso wakawa mfano wa kufundishia. Programu nyingi zinazopeleka wanafunzi huko zimeirithi tabia hiyo, hata zile zinazoicheka filamu yenyewe.

Hebu tumfikirie mwanamke mmoja. Simtaji jina, wala simzungumzii mtu fulani, maana wapo wengi wa namna yake. Alitekwa akiwa na miaka kumi na mbili. Akapewa kamanda awe mke, hakuulizwa. Akazaa porini. Miaka ikapita, akatoroka au akakombolewa, akapitishwa kwenye kituo cha mapokezi mjini Gulu. Chini ya Sheria ya Msamaha ya mwaka 2000 akapewa cheti, godoro, blanketi, sufuria, jembe, mbegu na shilingi 263,000 za Uganda, akaambiwa arudi nyumbani. Nyumbani watu hawakujua wampokee vipi. Wanawe waliitwa watoto wa Kony. Na kwa kuwa huko ardhi hurithiwa upande wa baba, mtoto ambaye baba yake hajulikani hana ukoo, hana shamba, na akikua hana mahali pa kujenga.

Huyu mama ndiye mgeni wa Juni anaambiwa akaonane naye. Gari linasimama mlangoni. Vijana kumi wanaingia, wanakaa kwenye mikeka, mkalimani anawataka watulie. Mama anaulizwa alitekwaje. Anaulizwa aliona nini. Mmoja, kwa upole kabisa, anamuuliza alijisikiaje. Wanafunzi wengine wanalia. Mwalimu anashukuru, inatolewa soda na sukari kilo mbili, gari linaondoka. Majirani wameona gari, basi wanaamini kwamba mama huyu amepata dola. Mwanamume aliyemwoa juzi, ambaye hakuwahi kuambiwa yote, amesikia mengine kupitia dirishani. Usiku ule mama halali. Wanafunzi wamepata kitu kikubwa, na nina hakika wengine wao hawatausahau uso wake maisha yao yote. Yeye amepata sukari. Na Juni ijayo chuo kingine kitapiga simu.

Mtu atanijibu kwamba kusimulia kunaponya, kwamba donda lisipofunuliwa haliponi. Nalikubali jibu hilo kwa nusu, na nusu hiyo inastahili kuelezwa vizuri, kwa sababu kaskazini mwa Uganda ni miongoni mwa sehemu ambazo jambo hili limepimwa kwa uangalifu mkubwa.

Mwaka 2011 jarida la madaktari la Marekani, JAMA, lilichapisha utafiti uliohusu vijana 85 waliowahi kuwa mikononi mwa waasi na waliokuwa na ugonjwa wa kiwewe. Baadhi yao walipata tiba ya kusimulia maisha yao yote kwa mpangilio, tangu kuzaliwa, ya furaha na ya kutisha, hadi siku ile walipokaa na mtoa tiba. Walipata nafuu ya wazi kuliko wenzao. Lakini angalia jinsi ilivyofanyika. Watoa tiba walikuwa wenyeji waliofundishwa kazi hiyo, wanaoongea lugha yao. Walikwenda nyumbani kwa mgonjwa, mtu mmoja kwa mtu mmoja, vikao vinane. Kila kikao kilifuatwa na kingine, na jambo lililoamshwa leo lilirudiwa hadi likatulia. Huko ndiko kusimulia kunakoponya. Kusimulia mara moja, mbele ya umati wa wageni, kwa faida ya daftari la mtu mwingine, ni kitu tofauti kabisa hata kama maneno yanayotoka kinywani ni yaleyale.

Upo utafiti wa pili, wa mwaka 2007, katika jarida hilohilo, nao ningependa kila mwalimu anayepanga safari ya Gulu ausome kabla ya kukata tiketi. Watafiti walikwenda katika kambi mbili wakaanza kwa kuwauliza wenyeji: vijana wenu wanaumwaje, na maumivu hayo mnayaitaje? Wakaambiwa habari za two tam, par na kumu, namna za mawazo mazito na huzuni ambazo kila mama kambini alizitambua. Wakatengeneza kipimo kwa kufuata maelezo hayo. Kisha vijana 314 wa miaka 14 hadi 17 wakagawanywa makundi matatu kwa kura. Kundi moja lilikutana kila wiki kwa miezi kama minne na kiongozi mwenyeji, wakizungumzia yanayowasumbua sasa: ugomvi wa nyumbani, kufiwa, upweke, namna ya kuomba msaada. Kundi la pili lilipewa michezo ya ubunifu, kuchora, kuigiza, kuimba. La tatu lilingoja zamu yake.

Wasichana wa kundi la kwanza walipata nafuu kubwa. Wavulana walisogea kidogo tu, na sababu zake bado zinafikiriwa. Na michezo? Haikupunguza huzuni ile kuliko kule kungoja.

Jambo hili linaniuma kulisema, kwa sababu michezo na kuchora ndicho kitu ambacho wanafunzi wengi wageni huja nacho. Mipira, rangi, karatasi, nyimbo za duara. Mtoto akicheza anafurahi, na furaha ya mchana mmoja si kitu cha kudharau; mtoto ana haki ya kucheza bila kupimwa na mtu. Ila tusiiite tiba. Na kilichowasaidia wale wasichana kilikuwa mtu wa kwao, aliyerudi kila wiki, aliyeuliza habari za wiki iliyopita, miezi minne mfululizo. Mgeni wa wiki tatu hawezi kuwa mtu huyo hata akiwa na moyo wa dhahabu.

Swali la kama mgeni wa muda mfupi anaweza kusaidia si geni. Aprili 1968 padri Ivan Illich alisimama mbele ya wanafunzi wa Marekani waliojitayarisha kwenda kujitolea vijijini Mexico, akawaomba wasiende kusaidia. Waje kutazama, waje kusoma, wapande milima, wafurahie maua. Wasijidanganye kwamba wanasaidia. Hotuba hiyo inasomwa mpaka leo katika semina za kuwaandaa wanafunzi hawahawa, kisha wanapanda ndege. Mimi siendi mbali kama Illich. Naamini zipo kazi ambazo kijana wa mbali anaweza kuzifanya Gulu zikabaki na faida. Tatizo ni kwamba nyingi ya kazi hizo hazivutii, na ukizipiga picha hazionekani.

Chukua mfano wa Barlonyo, kambi iliyokuwa karibu na Lira. Jioni ya tarehe 21 Februari 2004 waasi waliivamia, wakachoma watu ndani ya vibanda. Serikali ikajenga kumbukumbu pale, na jiwe likaandikwa kwamba waliokufa ni 121. Wakazi wa Barlonyo wakasema hapana, ni zaidi ya 300. Hebu fikiria uchungu huo: umemzika mwanao, kisha jiwe linakwambia hakuwamo katika hesabu. Shirika la Justice and Reconciliation Project la Gulu likakaa na watu wale, likakusanya habari zao, na mwaka 2009 likatoa ripoti iliyoweka ushahidi wa wakazi katika maandishi.

Shirika hilo lina historia ya kufaa kwa mazungumzo yetu. Lilianza 2005 kwa ushirikiano wa watu wa Gulu na kituo cha utafiti cha Chuo Kikuu cha British Columbia, Kanada. Wasomi wa Kanada walikuja, wakabaki katika uhusiano huo miaka na miaka, na mwaka 2010 kazi ikawa ya shirika la Uganda linalojisimamia. Kutoka hapo wanawake waliorudi kutoka porini wakaunda mtandao wao, na mwaka 2014 wakapeleka madai yao Bungeni Kampala: matibabu, ardhi, elimu ya watoto waliozaliwa utekwani. Mwenyekiti wao wakati huo, Evelyn Amony, alitekwa mwaka 1994 akiwa mtoto, akakaa huko miaka kumi na moja. Kitabu cha maisha yake kilitoka 2015, kwa jina lake yeye akiwa mwandishi, baada ya miaka ya kuandika na kuzungumza na msomi mmoja wa chuo kile cha Kanada, Erin Baines. Kama simulizi la mateso litamfikia mgeni, na lifike hivyo. Mwenyewe ameamua aseme nini na anyamaze wapi. Mwanafunzi anayetaka kujua maisha ya utekwani, kitabu kipo. Akinunue, akisome mara mbili, kabla hajagonga mlango wa mtu.

Na wanawake wale wa mtandao, unajua wanahangaikia nini? Wanatafuta koo za baba za watoto wao. Baba alikufa porini, alijulikana kwa jina la bandia, lakini pengine mwenzake anakumbuka alitoka kijiji gani. Wanafuatilia, wanakwenda kwa wazee, wanakaa vikao, na wakati mwingine ukoo unamtambua mtoto na kumpa mahali. Hiyo ni tiba ambayo hakuna mshauri nasaha awezaye kuitoa ofisini. Mgeni hawezi kukaa kwenye vikao hivyo. Anaweza kuchapa kumbukumbu zake, kama wenye kikao wataruhusu. Anaweza kuandika maombi ya fedha kwa Kiingereza wanachokitaka wafadhili, kazi inayowala usiku wafanyakazi wa mashirika madogo. Kule Kitgum, mradi wa kisheria wa Chuo Kikuu cha Makerere umejenga kituo cha kuhifadhi kumbukumbu za vita. Mahali kama hapo karatasi za kupanga, kunakili na kuorodhesha haziishi. Ni kazi ya mezani, ina vumbi, haimtoi mtu machozi. Ninawaomba walimu waithamini kwa alama zilezile wanazowapa wanaorudi na masimulizi ya kutisha.

Na wasiifanye peke yao. Gulu ina chuo kikuu chake tangu 2002, chenye taasisi ya masomo ya amani. Wanafunzi wake wa leo wengi walizaliwa vita vikiwa vinaisha au vimekwisha. Wamelelewa na wazazi ambao hawasemi. Wao pia wana maswali, wana haki zaidi ya kuuliza, na ndio watakaokuwapo Agosti mgeni akiisha kwenda. Programu ambayo kila mwanafunzi mgeni anafanya kazi sako kwa bako na mwenyeji, wote wawili wakipata alama, wote wawili wakilipiwa nauli, na mwenyeji naye akipata safari ya kwenda kusoma kule kwa mwenzake, hiyo nitaisifu hewani bila kuombwa. Kujifunza amani kusiwe barabara ya kwenda upande mmoja.

Nisiache kuitaja redio, kwa kuwa ndiyo kazi yetu. Mega FM ya Gulu ilikuwa na kipindi kiitwacho Dwog Cen Paco, yaani rudi nyumbani. Waliotoroka utekwani walikaa mbele ya maikrofoni, wakawaita kwa majina wenzao waliobaki porini: mimi niko hai, sikuuawa kama tulivyodanganywa, mama yangu alinipokea. Huko porini walisikiliza kwa siri, na wapo waliotoka kwa sababu ya sauti hizo. Masimulizi yaleyale tuliyokuwa tukiyazungumzia, lakini yamesemwa na mwenyewe, kwa lugha yake, kwa mtu aliyekuwa na haja nayo ya kufa na kupona.

Pengine, msikilizaji wangu wa Nairobi, Dodoma au Mombasa, unasikia haya ukidhani ni habari ya Wazungu na Waacholi. Sisi tumo. Gulu ni jirani yetu, basi linafika, unavuka Nile pale Karuma. Vyuo vyetu vina idara za sosholojia, za saikolojia, za sheria. Vijana wetu wakienda watakuwa wageni kama wageni wengine, wala ngozi haitawaombea radhi. Hata lugha yetu tuipendayo, kwa wazee wengi wa kaskazini mwa Uganda ni lugha waliyoisikia kwa askari kizuizini. Serikali ya Uganda iliidhinisha Kiswahili kiwe lugha rasmi mwaka 2022, na mimi nilifurahi. Lakini kijana wetu akifika Gulu na aanze kwa salamu ya Kiacholi, na Kiswahili akitoe atakapoombwa.

Na tusimdhanie mwenyeji kuwa mgonjwa wa kudumu. Katika wilaya ya Lamwo, nchi ya Waacholi, kuna makazi ya Palabek yaliyofunguliwa 2017 kwa wakimbizi wa Sudan Kusini. Wenyeji walitoa ardhi. Watu waliokaa kambini miaka kumi, wakala mahindi ya msaada, wakazika watoto wao kwenye ardhi isiyo yao, ndio waliosogea kuwapisha wengine. Hakuna semina iliyowafundisha hilo.

Nimalizie na jambo lililo mezani sasa hivi. Februari 2021 Mahakama ya Kimataifa ya Jinai ilimtia hatiani Dominic Ongwen, kamanda wa LRA ambaye naye alitekwa akiwa mtoto njiani kwenda shule. Tarehe 28 Februari 2024 mahakama ikaamuru waathirika wa makosa yake walipwe fidia. Idadi yao inakadiriwa karibu watu 50,000, wa kambi za Lukodi, Odek, Pajule na Abok, na wale waliotekwa wakafanywa wake na askari. Kila mmoja atapewa euro 750 kama ishara ya kutambua alichotendewa, pamoja na huduma za kurekebisha maisha ya jamii. Jumla inapita euro milioni 52. Ongwen hana kitu, kwa hiyo mahakama imeutazama Mfuko wa Waathirika, na mfuko huo unaishi hasa kwa michango ya hiari ya mataifa.

Mwanafunzi wa Uholanzi, wa Ujerumani, wa Kanada, wa Uingereza, nchi zote hizo ni wanachama wa mahakama hiyo. Kama moyo wako umeguswa na Gulu, muulize mbunge wako serikali yenu imechangia kiasi gani katika fidia ya Ongwen, na itachangia lini zaidi. Muulize tena muhula ujao. Wakusanye wenzako darasani mwandike pamoja. Kazi hiyo inaweza kuanza leo usiku, ukiwa chumbani kwako, na hakuna mama wa Lukodi atakayelazimika kukusimulia lolote ili uifanye.